Nishani Haimo Kwenye Rekodi, Cheo Kimekupita



Safari hii nina barua ya binti wa Morogoro anayetumikia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, kambi moja ya Texas. Najua wengi mnaonisoma mna ndugu katika jeshi hilo, au mmevaa sare hiyo wenyewe. Mwaka 2009 mpango wa MAVNI ulianza kuandikisha wageni wenye lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwamo, na vijana wetu wakajitokeza. Mpango ule ulisimamishwa 2016, lakini wenye kadi ya kijani wameendelea kujiandikisha hadi leo. Kwa hiyo namjibu yeye nikijua mnasikiliza wengi.

Nafupisha barua yake. Yuko cheo cha E-4. Alipelekwa Jibuti, Camp Lemonnier, akiwa ameazimwa na kikosi kisicho chake, na alipomaliza wakamvisha Army Commendation Medal. Watu walipiga makofi, picha zikapigwa. Aliporudi Texas alisimama mbele ya bodi ya kikosi, akafaulu, akaingizwa kwenye orodha ya wanaosubiri kuwa sajenti. Alama za mwezi zilipotangazwa alikuta amepungukiwa na alama 12. Wenzake wawili walioingia naye jeshini wakapandishwa. Siku chache baadaye, akikagua rekodi yake kwa sababu nyingine kabisa, akagundua kuwa nishani ya Jibuti haimo. Kiongozi wake amemwambia asubiri mwezi ujao, mambo yatajipa. Naye ananiuliza: "Dada, nikidai nitaonekana mgeni mwenye maneno mengi? Au ninyamaze tu?"

Usinyamaze, mdogo wangu. Dai, na dai mapema. Lakini kwanza ujue unachodai ni nini, maana wengi nimewaona wakiingia ofisini na hasira ya haki kabisa, wakatoka mikono mitupu kwa sababu waliomba kitu kisicho sahihi. Nilikaa miaka katika ofisi ya S-1, ile ya batalioni inayoshika karatasi za watu, na barua kama yako nilizipokea nikiwa upande wa pili wa meza. Nitakwambia jinsi zinavyosomwa huko.

Kupanda kutoka E-4 kwenda sajenti, na kutoka sajenti kwenda stafu sajenti, ni hesabu. Askari anakusanya alama mpaka kikomo cha 800: mafunzo ya kijeshi, nishani na beji, kozi za kijeshi, elimu ya uraiani. Kila mwezi HRC, kamandi ya rasilimali watu iliyoko Fort Knox, Kentucky, hutangaza alama za chini kwa kila fani. Ukizifikia, tarehe mosi ya mwezi unaofuata unavaa cheo. Usipozifikia, hata kwa alama moja, unabaki ulipo. Siku hizi hesabu inafanywa na IPPS-A, mfumo wa kompyuta wa rekodi za askari, kutokana na kilichomo ndani yake. Hakuna mtu pale Fort Knox anayekujua wala anayejua ulifanya nini Jibuti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ndicho kilichokupata.

Sasa fanya hesabu hii kabla hujamwandikia mtu yeyote. Kwa jedwali lililotumika miaka mingi, Army Commendation Medal ina alama 20, Army Achievement Medal ina 10, Good Conduct Medal ina 10. Jedwali hubadilishwa, kwa hiyo tafuta toleo la kanuni AR 600-8-19 na maelekezo yake yaliyotumika mwezi ule ulipokosa, si ya leo. Tuseme ulikuwa na 548 na fani yako ilitaka 560. Ukiongeza 20 unapata 568, umepita. Hapo una kesi. Kama nishani iliyokosekana ingekuwa Achievement Medal, ungefika 558, bado umekosa. Hapo huna kesi ya cheo. Una kesi ya kusahihisha rekodi tu, na uifanye upesi ili mwezi ujao cheo kisikupite tena. Kuna pia jambo linalosahauliwa: kila kundi la alama lina kikomo chake. Aliyejaza kikomo cha nishani, hata akiongezewa nyingine haimpi chochote. Naomba uamini, mdogo wangu, kwamba karatasi yenye hesabu hiyo ya mistari minne, mwezi, alama ulizokuwa nazo, alama zilizotakiwa, alama ambazo ungekuwa nazo, ina nguvu kuliko kurasa tatu za malalamiko.

Swali la pili ni tarehe. Bodi na HRC hawaangalii siku uliyofanya kazi nzuri wala siku uliyovishwa. Wanaangalia tarehe ya amri. Nishani huanzia kwenye fomu DA 638, mtu anapokupendekeza. Ikishaidhinishwa na kamanda mwenye mamlaka hayo, inapewa namba ya amri na tarehe. Kama amri yako ilitoka kabla ya tarehe ya kufunga hesabu ya mwezi ule, una hoja. Kama ilitoka baada, hata kwa siku moja, hoja ya cheo imekufa. Na hapa nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya sana. Nishani uliyopewa lakini haikuingizwa ni jambo moja. Nishani uliyoahidiwa, sajenti akasema "nimekuandikia", kisha karatasi ikafia kwenye meza ya mtu, ni jambo lingine. Ile ya pili haijawa nishani bado. Pendekezo linatakiwa liingizwe katika njia rasmi ndani ya miaka 2 tangu tendo. Likichelewa zaidi ya hapo, kifungu cha 1130 cha Title 10, yaani sheria za Marekani zinazohusu majeshi, kinaruhusu lifikiriwe, ila lazima lipite kwa mbunge wa Bunge la Marekani. Inawezekana, lakini huwezi kudai cheo cha mwaka jana kwa nishani ambayo mwaka jana haikuwa imeidhinishwa.

Wewe unasema ulivishwa. Vizuri. Basi tujiulize karatasi ilipotelea wapi, maana ukijua ilipotelea utajua pa kuitafuta.

Njia ya kwanza ni yako hasa: kuazimwa. Kikosi kilichokupa nishani hakishiki rekodi yako. S-1 wao walitakiwa kuituma iPERMS, ghala la nyaraka za kila askari, au kukukabidhi wewe uwapelekee S-1 wako. Kila upande ukidhani mwenzake amefanya, hakuna aliyefanya. Njia ya pili ni kuhama kambi. Nishani ya kuagwa mara nyingi hutiwa sahihi wakati mwenyewe ameshafunga mizigo, na karatasi inabaki kwenye kikosi cha zamani. Ya tatu ni Good Conduct Medal, ile inayotolewa kwa kila miaka 3 ya utumishi mwema. Hii watu huichukulia kuwa itakuja yenyewe, nayo inahitaji kamanda aiidhinishe na karani aiandike. Nimeona askari wa miaka 7 ambaye rekodi yake ilionyesha moja tu.

Njia ya nne inatuhusu sisi zaidi kuliko wengine, na umenigusia katika barua: uliapishwa uraia ukabadilisha jina. Majina yetu yanasumbua mifumo ya huko hata kabla ya hapo. Jina la baba linakaa katikati, la babu mwishoni, kwenye pasipoti limeandikwa hivi, kwenye kadi ya kijani vile. Ukiomba uraia, unapewa nafasi ya kuomba kubadilisha jina, wengi tunaichukua ili turahisishe maisha, na ni haki yetu. Lakini nishani iliyoandikwa kwa jina la zamani inaweza kukaa mahali isiposomeka. Kwa hiyo ombi lako lazima liambatane na hati rasmi ya kubadilisha jina, inayoonyesha jina la zamani na jipya. Usimwachie karani abahatishe kwamba hao wawili ni mtu mmoja.

Tuje kwenye ushahidi. Bora kuliko vyote ni nakala ya DA 638 yenye sahihi ya aliyeidhinisha na namba ya amri. Kama huna, mwandikie S-1 wa kikosi kilichokuazima. Nao huweka daftari la amri walizotoa. Cheti kile kizuri chenye fremu ni msaada, ila peke yake hakitoshi, kwa sababu mamlaka iko kwenye amri. Picha ya siku ya kuvishwa inasaidia kuthibitisha tarehe. Barua pepe ulizoandikiana na watu wa S-1, hata ile fupi ya "nimeipokea, nitaishughulikia", ni dhahabu, na nitaeleza kwa nini.

Kisha mashahidi. Kamanda aliyekuidhinishia, sajenti wa kwanza aliyesoma amri mbele ya gwaride, kiongozi aliyekupendekeza. Muombe kila mmoja aandike taarifa yake, aweke cheo chake, nafasi aliyokuwa nayo wakati ule, alichokiona kwa macho yake na tarehe. Taarifa isemayo "huyu ni askari bora sana" haina kazi hapa. Taarifa isemayo "mimi nilitia sahihi pendekezo hili mwezi fulani, na nilikuwapo alipovishwa" ina kazi kubwa.

Nini kilichonifundisha thamani ya mashahidi? Si kanuni. Ni habari ya Kanali Paris Davis, na ningependa kila askari mweusi katika jeshi lile aijue. Mwezi Juni 1965 alikuwa kapteni wa Special Forces huko Bong Son, Vietnam, mmoja wa maofisa weusi wa mwanzo katika kikosi hicho. Vita vile vilichukua usiku na mchana. Alijeruhiwa, akakataa kuondolewa, akarudi tena na tena kuwatoa wenzake walioanguka mbele ya bunduki za adui. Mkuu wake akampendekeza kwa Medal of Honor, nishani ya juu kuliko zote. Jalada likapotea. Mwaka 1969 uchunguzi ukauliza liko wapi, halikuonekana. Likaagizwa lingine, nalo likapotea. Yeye alipata Silver Star, akaendelea na kazi, akastaafu 1985 akiwa kanali. Waliokuwa naye ndio waliokataa kukaa kimya. Kwa miaka mingi waliandika, wakakusanya taarifa, wakasimulia walichokiona. Tarehe 3 Machi 2023, Davis akiwa na umri wa miaka 83, Rais Biden alimvisha nishani hiyo Ikulu ya Marekani. Karibu miaka 58 ilikuwa imepita tangu siku ile ya Bong Son. Mimi sioni kuwa habari hiyo ni ya furaha tupu. Mzee yule alinyang'anywa sehemu kubwa ya maisha ya heshima yake kwa sababu ya karatasi, na wengi waliamini, naamini hivyo pia, kwamba rangi yake ilihusika. Lakini bila wale waliokuwapo, leo asingekuwa nayo.

Hayo ndiyo matumaini yako, mdogo wangu, kwa kiwango chako: watu wa Jibuti bado wako kazini, wanakukumbuka, na barua pepe zao zinafanya kazi.

Sasa milango, na mpangilio wake ni muhimu kwa sababu mlango wa mwisho hautakufungulia kama hukubisha ya mwanzo.

Anza na S-1 wako. Ombi hili liwe moja tu: nishani iingizwe kwenye IPPS-A na nakala yake iwekwe iPERMS. Usitaje cheo bado. Hili ni jambo la siku chache kama una amri mkononi, na hakuna ubishi ndani yake. Likikwama, mwambie sajenti wa kwanza wa kampani yako. Hiyo ni kazi yake na wengi wao wanaifanya kwa moyo.

Nishani ikishaonekana kwenye rekodi, ndipo uandike ombi la pili kwa kupitia kamanda wako: tarehe ya kupandishwa irekebishwe. Ambatanisha amri, ile hesabu ya mistari minne, chapisho la alama za mwezi ule, na mtiririko wa mambo kwa tarehe. Kamanda akiliunga mkono, linakwenda HRC. Ukilipeleka hivi, maombi mawili tofauti moja nyuma ya lingine, kila msomaji anakuta swali moja mbele yake na jibu lake limeambatanishwa. Ukiyachanganya, karani mwoga atasema hawezi kuamua cheo, na nishani yenyewe itakaa mezani kusubiri.

Jiandae kwa jibu moja linalouma. Mara nyingi husema: ni wajibu wa askari kukagua rekodi yake, na wewe hukukagua. Hapo ndipo barua pepe za zamani zinapokuwa dhahabu. Kama una hata moja inayoonyesha uliwapa karatasi kabla ya mwezi ule, kosa si lako tena. Kama huna, sema ukweli ulivyo: nilikuwa nimeazimwa, karatasi zilishikwa na kikosi kingine, niligundua tarehe fulani na nikaripoti tarehe fulani. Usitunge. Anayesoma faili lako amesoma mafaili mengi, na tarehe zisizopatana huonekana haraka.

HRC wakikataa, haijaisha. Kuna bodi ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi ya jeshi hilo, ABCMR. Bodi za namna hii zilitokana na sheria ya Bunge ya mwaka 1946. Kabla yake askari mwenye kosa kwenye rekodi yake alimtegemea mbunge wake atunge muswada maalumu wa kumsaidia yeye mmoja. Wanaoamua ni raia, si wanajeshi, na nguvu yao inatoka kifungu cha 1552 cha Title 10: kurekebisha kosa au kuondoa dhuluma kwenye rekodi. Wanaweza kusahihisha tarehe ya cheo na kufungua njia ya kulipwa mshahara ulioukosa. Unaomba kwa fomu DD 149, bila kulipa chochote. Muda ni miaka 3 tangu ulipogundua kosa, ingawa bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji ikiona haki inataka hivyo. Usiutegemee msamaha huo.

Bodi huanza kwa kuamini kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa. Mzigo wa kuonyesha vinginevyo uko kwako, na kipimo chake ni uwezekano mkubwa zaidi, si uhakika wa asilimia mia. Ndiyo maana nimekusumbua na karatasi tangu mwanzo. Kwenye kisanduku cha kueleza unachotaka, andika vyote kwa jina: nishani iongezwe kama haijaongezwa, tarehe ya cheo cha sajenti iwe mwezi fulani, nilipwe tofauti ya mshahara kuanzia hapo. Tarehe ya cheo ina uzito kuliko fedha za miezi ile. Inahesabika utakapotafuta ustafu sajenti, na ukuu kati yako na wenzako unaanzia hapo. Maamuzi ya zamani ya bodi huwekwa wazi kwa umma, majina yakiwa yamefutwa. Tafuta yanayofanana na lako, soma kwa nini huyu alipewa na yule akanyimwa. Ni somo lisilolipiwa, na sijui kwa nini watu hawalitumii.

Subira utaihitaji. Sheria inataka maombi 9 kati ya 10 yaamuliwe ndani ya miezi 10, na mengine yasivuke 18. Ukinyimwa, na baadaye ukapata ushahidi ambao hukuwa umeupeleka, una haki ya kuomba waangalie upya, hata miaka ikiwa imepita.

Kwa walio juu kidogo, wanaotafuta E-7 na kuendelea, au maofisa: ninyi hampandi kwa alama za kila mwezi, mnasomwa na bodi kuu inayotazama rekodi nzima. Hapo hoja ya hesabu haipo. Mnatakiwa kuonyesha kwamba kosa lilikuwa kubwa kiasi kwamba, kama lisingekuwapo, mngekuwa na nafasi ya kweli ya kuchaguliwa. Wanaotafuta E-7 na zaidi huomba bodi ya akiba iwaangalie upya; maofisa wana bodi maalumu ya uteuzi chini ya kifungu cha 628 cha Title 10. Niseme kwa upendo: nishani ndogo moja iliyokosekana kwenye rekodi ya miaka 15 yenye nishani nyingine nyingi ni vigumu kuifanya kosa kubwa. Nguvu zenu nyingi ziwekeni kabla ya bodi kukaa, mkague kila ukurasa, na ikibidi mmwandikie barua mwenyekiti wa bodi kwa mujibu wa maelekezo yao.

Narudi kwenye woga wako, kwa sababu nadhani ndio uliokufanya uniandikie. Sisi tumelelewa kutompinga mkubwa, na ugenini tunaongeza adabu juu ya adabu ili tusitajwe vibaya. Unafikiri, nimepewa uraia, nimepewa mshahara, nimepewa bima ya mwanangu, nidai nini tena? Mdogo wangu, hukupewa. Ulifanya kazi Jibuti kwenye joto lile, na jeshi lenyewe, kwa sahihi ya kamanda wake, likasema umestahili. Unachoomba ni jeshi liandike neno lake lenyewe. Mkubwa mwenye akili haoni utovu wa adabu hapo. Ongea kwa heshima, simama wima, mwite kila mtu kwa cheo chake, na usiondoke bila kujua nani atafanya nini na lini. Ukirudi, andika barua pepe fupi ya kushukuru inayorudia mlichokubaliana. Hiyo adabu ya kwetu na ushahidi wao vinakutana hapo.

Kama kuna atakayekutisha, jua kwamba kifungu cha 1034 cha Title 10 kinakataza kumwadhibu askari kwa kuwasiliana na mbunge au na Mkaguzi Mkuu, IG. IG hawezi kuingiza nishani wala kukupa cheo, usimwendee kwa hilo. Mwendee ukilipiziwa kisasi au ofisi ikikataa kabisa kufanya kazi yake. Na kambini kuna ofisi ya msaada wa kisheria ya JAG, bure. Mpelekee wakili rasimu yako ya DD 149 kabla hujaituma.

Neno moja kuhusu kutunza nakala. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka katika jengo la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, Missouri, ukateketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Hayakuwa na nakala nyingine. Wapo wazee, na wajane wao, waliohangaika miaka kuthibitisha utumishi wao, na waliookoka haraka ni wale waliokuwa na karatasi zao ndani ya sanduku nyumbani. Mfumo wa kompyuta haujabadilisha jambo hilo. Rekodi huhamishwa toka mfumo huu kwenda ule, na katika kuhama vitu huanguka. Weka nakala ya kila amri mahali pawili, moja ikiwa kwa ndugu unayemwamini. Ukija kutoka jeshini, DD 214 yako, ile hati ya kuhitimisha utumishi, itaandikwa kutokana na rekodi hiyo hiyo, na waajiri, shule na ofisi ya maveterani wataisoma hiyo.

Basi, binti wa Morogoro: wiki hii mwandikie kamanda wa kile kikosi cha Jibuti kabla hajahamishwa tena au kustaafu, umwombe nakala ya amri na taarifa ya ukurasa mmoja. Kisha fanya ile hesabu uniletee, tuone kama mwezi ule ulikuwa wako.